Huyu dogo Maphaka ni Rabada mwingine au tunamvimbisha kichwa bure?

KitiChaMbele

Wakuu habari za jioni. Mimi kriketi nimeanza kuifuatilia ukubwani, bosi wangu dukani ni Muhindi wa Upanga na mechi ikiwepo basi simu inaegeshwa kwenye kopo la grisi pale kaunta, mteja akija anauliza bei ya bush ya gari anajibiwa ngoja ova (ile mipira sita) iishe. Kwa hiyo nimejikuta nimezama. Sasa mimi na mzee tuna ubishi wa miezi, kila wiki soda, na soda zenyewe nalipa mimi.

Ubishi wenyewe ni huyu kijana wa Afrika Kusini, Kwena Maphaka, mrushaji wa kasi wa mkono wa kushoto, amezaliwa Aprili 2006. Mimi nasema huyu ndo Kagiso Rabada ajaye, yule mrushaji wa kasi wa Afrika Kusini, mpaka shule wamesoma moja, St Stithians kule Johannesburg. Mzee anasema hamna kitu, ni gesi. Na kila mmoja ana ushahidi wake. Mimi namtajia Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 19 la mwaka 2024, wiketi 21 (yaani aliwatoa wapigaji 21), mchezaji bora wa mashindano. Yeye ananijibu na ile mechi ya IPL, ligi ya India, ya Machi 2024 pale Hyderabad, dogo kaingia na Mumbai Indians mechi yake ya kwanza kabisa, kachapwa mikimbio 66 (ndo pointi za mchezo huu) ndani ya ova 4 bila wiketi hata ya kuombea. Namtajia Darwin Agosti 2025, wiketi 4 kwa mikimbio 20 mbele ya Australia, anaguna tu halafu ananiambia taja na ya siku mbili baadaye. Siku mbili baadaye uwanja uleule alitoa 57 ova 4, sawa, ila alichukua wiketi 3 na Afrika Kusini wakashinda!

Sasa naombeni mnisaidie nyie mnaoujua huu mchezo kiundani. Kijana kama huyu mnampimaje? Mnaangalia spidi, wiketi, umri, au kuna kitu sisi wa juzi hatukioni?

Skoa_wa_Kitabu

Mtoa mada karibu kwenye ugonjwa. Mimi nimekaa na kitabu cha skoa, kile cha kuandikia kila mpira, miaka mingi hapa Dar, Gymkhana, Annadil Burhani, viwanja vya shule, penseli sikioni na raba mfukoni, kwa hiyo wacha nianze na hizo namba zenu maana mnazitumia kama wanasiasa, kila mtu anang'oa inayomfaa.

Hiyo 66 ya Hyderabad mzee wako anaisema kana kwamba dogo alichapwa peke yake. Siku ile Sunrisers wa Hyderabad walimaliza na 277 kwa wiketi 3, na Mumbai nao wakajibu 246, jumla 523 kwenye mechi moja ya ova 20 kwa 20 (T20). Pichi, ule ukanda wa katikati mpira unapotua, ilikuwa kama sakafu ya ukumbi wa harusi. Kila mrushaji alilia. Lakini, na hapa mtoa mada usishangilie mapema, kwenye mechi ileile, pichi ileile, jezi ileile, Jasprit Bumrah alitoa 36 kwa ova zake 4. Naye hakupata wiketi. Tofauti ya mikimbio 30 kati ya mtu wa miaka 17 na pengine mrushaji bora duniani, siku mbaya kuliko zote. Mimi hapo ndo nasoma kitu. Siyo kwamba dogo mbovu, ni kwamba alikuwa hana mpira wa kujificha. Bumrah akizidiwa ana yoka inayotua miguuni pa mpigaji, ana wa taratibu, ana ule wa kutua mfupi kidogo wa kumkwaza mtu asinyooshe mkono. Dogo alikuwa na kasi. Na kasi pale India kwenye pichi tambarare ni kumsaidia mpigaji, mpira unaondoka wenyewe ukiguswa tu.

Sasa nenda Darwin. Wiketi 4 kwa mikimbio 20 tarehe 10 Agosti, kisha 3 kwa 57 tarehe 12. Watu wa namba watakwambia ya kwanza nzuri ya pili mbovu. Mimi ukinipa kitabu nitakwambia ya pili ndo imenifurahisha, kwa sababu mtu anayechapwa zaidi ya mikimbio 14 kwa ova na bado anatoka na wiketi 3 hajaacha kutafuta wiketi. Vijana wengi wakishakula sita mbili (mpira kupigwa moja kwa moja nje ya mpaka) wanaanza kurusha kwa woga, wanatupia nje mbali, wanaomba ova iishe warudi mpakani wakajifiche. Mwambie bosi hiyo soda alipe yeye.

MkonoWaKushoto

Niaje wakuu, niko Nairobi, nimerusha ligi ya hapa mpaka goti likasema basi. Nakazia alichosema Skoa ila namba hazimalizi stori.

Kwanza mkono wa kushoto wenyewe ni mtaji. Wapigaji wengi ni wa mkono wa kulia, na tangu shule ya msingi wamezoea mpira unaotoka upande mmoja. Wa kushoto akirusha, mpira unaanza nje unakatiza mbele ya mpigaji, anazoea kuuacha uende zake, anauacha, anauacha, halafu unakuja mmoja uleule ila unapinda hewani kurudi ndani unakuta miguu. Hapo ndo Wasim Akram wa Pakistan na Mitchell Starc wa Australia, wote wa kushoto, wamejengea nyumba. Kwa hiyo swali langu kwa Maphaka halijawahi kuwa anarusha kilomita ngapi. Swali ni je, ule unaorudi ndani anao siku zote au anao siku mpira ukiwa mpya tu? Na ukishachakaa, ana nini?

Pili tizama kifundo cha mkono. Hili ukilijua hutaangalia kriketi vilevile tena. Simamisha video pale mpira unapotoka mkononi, angalia mshono. Kama umesimama wima kama upanga unaelekea kule anakotaka, kifundo kiko nyuma ya mpira, huyo ataishi. Kama mshono unayumbayumba kama sufuria iliyodondoka, basi anategemea nguvu tu na nguvu ina mwisho wake. Sisi pale neti tulikuwa tunapaka nusu ya mpira chokaa ili kocha aone unavyozunguka, yaani hakuna cha kompyuta, na bado unajua nani ni nani ndani ya mipira kumi.

Na msidharau kasi ya kati. Pune, India, Februari 1996, dhidi ya West Indies, Kenya tulimaliza na 166 tu watu washaanza kutucheka, halafu Rajab Ali akamtoa Brian Lara, mpigaji wao nyota, kipa Tariq Iqbal akaudaka (wenye umri wenu mnakumbuka jinsi alivyoukumbatia ule mpira), West Indies 93 wote nje. Rajab wiketi 3 kwa 17. Hakuna aliyekuwa anauliza mashine ya spidi inasema nini siku ile, mpira ulikuwa unatua pale panapouma basi.

Mzee_Mkorofi

Mnapenda kweli kulishwa. Kila baada ya miezi sita tunaletewa fundi mpya wa spidi. Mwaka 2024 ilikuwa Mayank Yadav wa timu ya Lucknow, kilomita 156.7 kwa saa, mchezaji bora wa mechi zake mbili za kwanza za IPL, nchi nzima ya India ikasimama. Mechi ngapi kacheza tangu hapo? Mbavu, mgongo, kidole cha mguu, mpaka akapasuliwa mgongo. Mnataka kuniambia nini.

Na hiyo wiketi yenu ya Babar Azam, mpigaji wa Pakistan, mnayoipostia kila siku, Cape Town Januari 2025, Testi ya kwanza ya Maphaka (Testi ndo mechi ndefu ya siku tano kati ya nchi), nimeiona. Mpira ulikuwa unakwenda zake nje upande wa miguu, Babar alishafika mikimbio 58, akauchokoza kidogo kipa akadaka. Bahati. Babar mwenyewe alitoka anatikisa kichwa kama mtu aliyeibiwa simu kwenye daladala.

Kumlinganisha na Rabada ni kumkosea adabu Rabada. Mtu kachukua wiketi 9 pale Lord's kwenye fainali ya ubingwa wa Testi 2025, ndo wa kumfananisha na mtoto?

KitiChaMbele

Mzee Mkorofi wewe siyo bosi wangu kweli? Maana maneno ndo hayohayo mpaka mpangilio. Ila hapo kwa Rabada, kumbuka Rabada naye alikuwa mtoto, alianzia Kombe la vijana hilohilo 2014, si aliwachapa Australia wiketi 6 nusu fainali?

Skoa_wa_Kitabu

6 kwa 25, sahihi. Na hapo ndo mnapokosea wote wawili kwenye hesabu ya umri. Rabada baada ya lile kombe alirudi akakaa kwenye kriketi ya ndani, mechi ndefu za siku nne, Testi ya kwanza akacheza Novemba 2015 India akiwa na miaka 20. Kwenye mechi za kimataifa za siku moja alishaionyesha dunia makali yake, ile Julai 2015 Bangladesh, wiketi 6 kwa 16 zikiwemo tatu mfululizo, lakini Testi walimsubirisha. Maphaka amepewa kofia ya Testi akiwa na miaka 18 na siku 270, mdogo kuliko wote waliowahi kuichezea Afrika Kusini. Kwa hiyo ukiuliza Rabada akiwa na umri wa Maphaka alikuwa amechukua wiketi ngapi za Testi, jibu ni sifuri, alikuwa bado hajaitwa. Mnalinganisha embe bichi na embe lililokwisha kuiva halafu mnalalamika ukali.

Kuhusu Babar, Mzee Mkorofi kitabuni hakuna safu ya bahati. Inaandikwa amedakwa na kipa, mrushaji Maphaka, 58. Basi.

DadaMisuli

Nimesoma wote kimya, sasa wacha niongee kama fizio maana mnaruka jambo ambalo kwangu ndo la kwanza. Nimeshika migongo ya warushaji wa shule na vilabu hapa Dar, siyo wa Testi, ila mfupa ni mfupa.

Mrushaji wa kasi akitua ule mguu wa mbele pale kwenye mstari, ardhi inamrudishia nguvu mara kadhaa ya uzito wake, na muda huohuo kiuno kinajipinda na kuinama upande. Mpira mmoja si kitu. Zidisha kwa mamia kwa wiki. Pingili za chini za mgongo wa kijana wa miaka 16 mpaka 20 na kitu bado hazijakomaa, zinaanza kupata ufa mdogo, na ufa wenyewe mara nyingi unatokea upande ulio kinyume na mkono anaorushia. Kwa hiyo mtu kama Maphaka wa kushoto, mimi ningemgusa kulia. Dalili yake ya kwanza ni ya kijinga kabisa, kijana anasema kiuno kimekaza, anajinyoosha, anapaka dawa ya kuchua anarudi uwanjani. Nilikuwa na mmoja hivyohivyo, nikamwambia simama mguu mmoja pinda nyuma kidogo, akapiga yowe mpaka wa chumba cha pili wakaja. Miezi mitano nje. Mama yake alikuwa ananiangalia kama mimi ndo nimemvunja.

Ndo maana Uingereza kwa miaka mingi wana kanuni, mrushaji wa kasi wa chini ya miaka 19 asizidishe ova 7 kwa speli (kipindi kimoja cha kurusha) na 18 kwa siku. Sasa fikiria Maphaka pale Cape Town, Pakistan wametolewa kwa 194 wakalazimishwa kurudi kupiga tena palepale, wakakaa zaidi ya ova 120, mikimbio 478. Warushaji hawakupata siku ya kupumzika katikati. Miaka 18. Mimi nilikuwa naangalia wiketi kwa jicho moja, jicho la pili liko kwenye kiuno chake.

Na mfano mnao mkubwa wala hamjautaja. Pat Cummins wa Australia. Novemba 2011, hukohuko Johannesburg, miaka 18, Testi ya kwanza, wiketi 6 kwa 79 innings ya pili (zamu ya pili ya kupiga), akapiga na mkimbio wa ushindi, mchezaji bora wa mechi. Testi yake ya pili ilikuwa lini? Machi 2017. Zaidi ya miaka mitano mwili unakataa, huku kapona kule kavunjika. Mngemjadili hapa mwaka 2013 Mzee Mkorofi angekuwa ameshamzika na arobaini kashafanya. Na huyohuyo ndo nahodha aliyebeba Kombe la Dunia 2023.

Kwa hiyo KitiChaMbele ukitaka kumpima dogo angalia nani anamhesabia mipira. Akichezeshwa T20 za kila ligi, IPL, SA20 ya kwao Afrika Kusini, timu ya taifa, halafu ghafla anaambiwa rusha ova 20 kwenye Testi, hapo ndo panapovunjika. Mwili unazoea ova 4, ukiupa 20 bila kuupandisha taratibu unadai.

Mzee_Mkorofi

Dada hapo sibishi. Ila si unaona umenisaidia mimi? Nilisema hatafika, sikusema hana kipaji.

DadaMisuli

Ulisema bahati mzee. Tunasoma.

Lugogo_Boy

Salamu kutoka Kampala. Nyie mmekazana na mgongo na mshono, mimi nauliza njia. Maphaka kapita St Stithians, shule yenye viwanja vya nyasi kama zulia, makocha wa kulipwa, Kombe la vijana kacheza mara mbili, la kwanza akiwa na miaka 15. Kipaji ndiyo, lakini kipaji kilichomwagiliwa. Sasa mchukue Shamar Joseph wa Guyana. Anatoka Baracara, kijiji cha juu mtoni Canje, kwenda kwao ni boti. Alikuwa mlinzi. Mpira wake wa kwanza kabisa wa Testi, Adelaide Januari 2024, kamtoa Steve Smith wa Australia. Wiki iliyofuata pale Brisbane yoka ya Starc ikamponda kidole cha mguu, watu wakadhani kesho hatokei, akatokea, akarusha mfululizo mpaka wiketi 7 kwa 68, West Indies wakashinda kwa mikimbio 8, Testi yao ya kwanza kushinda kule Australia tangu 1997.

Halafu? Mechi zilizofuata zikawa za kawaida, mara nzuri mara mbaya, na hiyo ndo hali halisi ya hawa vijana. Siku moja kubwa inakuonyesha paa la nyumba yake liko juu kiasi gani. Haikuonyeshi kama nyumba ina milango. Mimi kijana nampa miaka mitatu, safari mbili za nchi asizozizoea, na mara moja apigwe vibaya apumzishwe arudi. Kabla ya hapo sisaini karatasi.

Na hili nalisema kwa uchungu kidogo maana sisi Uganda tulienda Kombe la T20 2024 tukawafunga Papua New Guinea, Frank Nsubuga akiwa na zaidi ya miaka 40 akarusha ova 4 akatoa mikimbio 4 tu na wiketi 2. Ova nne, mikimbio minne! Siku chache baadaye palepale Guyana tukakutana na West Indies tukatoka wote kwa 39. Warushaji wa spini, wale wa kuzungusha mpira taratibu, wenye akili tunao, wa kasi wa kuwatisha watu hatuna wa kutosha, na siyo kwamba watoto hawapo.

MkonoWaKushoto

Hapo Lugogo umenigusa. Watoto wapo, pichi hazipo. Huwezi kumlea mrushaji wa kasi kwenye mkeka uliowekwa juu ya zege, kila anachotupa kinadunda mpaka kichwani anadhani yeye ni hatari, siku akienda kwenye nyasi baunsa yake, ule mpira mfupi wa kudunda juu (siyo yule wa mlangoni klabu), inafika kiunoni inapelekwa barabarani. Nimewaona wengi sana. Tanzania nao vijana wao wa U19 walifuzu Kombe la 2026 la Zimbabwe na Namibia, mara yao ya kwanza, hongereni sana majirani, sasa hao muwatengenezee nyasi.

KitiChaMbele

Aisee nimejifunza zaidi ya miezi yote ya pale kaunta. Leo asubuhi nilimsomea mzee post ya DadaMisuli nzima, akanyamaza, halafu akaniambia yeye ujanani alikuwa anarusha kasi Gymkhana, akakunja shati akanionyesha anavyovaa mkanda wa kiuno mpaka leo. Miaka yote nilidhani ni mambo ya kubeba gearbox.

Tumebadilisha dau. Hatubishani tena wiketi ngapi. Ijumaa tunaweka video ya ile 3 kwa 57, tunasimamisha kila mpira unapotoka mkononi tunaangalia mshono, uliosimama wima maharage moja kwenye kikombe changu, unaoyumba kwenye chake. MkonoWaKushoto, swali dogo, ule wa taratibu ambao anaukata kwa vidole, nao mshono si utayumba? Huo unahesabika wapi?

MkonoWaKushoto

Huo usihesabu, kaka. Weka pembeni. Na mwambie mzee akae kwenye kiti chenye mgongo.